Barua kwa Mwanahawa: ufunguo wa barua pepe yako

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Salaam sana. Huku hatujambo, mama mguu umepona na anakusalimu. Najua nimenyamaza tangu Idi, nisamehe. Leo usingizi umegoma. Bi Fatu kanipigia, kaniambia barua pepe uliyoombea ile nafasi ya ualimu ulifunguliwa na kijana wa steshenari, na nywila, hiyo wanayoiita paswedi, anayo yeye. Tena kahamia Mwanza! Roho imenipaa.

Unaikumbuka S.L.P. ya shule? Barua zetu zote zilipitia kwa mwalimu wa zamu, zinatufikia zimeshafunguliwa, nyingine hazifiki kabisa. Basi ndivyo ulivyo sasa. Anwani ina jina lako lakini ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Kijana simsemi vibaya, foleni ilikuwa ndefu na alikusaidia. Ila kuna jambo zaidi ya nywila. Akaunti ikifunguliwa huulizwa namba ya simu. Kama aliweka yake, siku ukisahau nywila zile tarakimu za kuthibitisha zitaingia kwenye simu yake, Mwanza, wewe uko Lushoto unasubiri.

Mtafute kesho, Bi Fatu anayo namba yake. Akutajie nywila, uingie, na asikate simu kwanza, maana huenda tarakimu zikatumwa kwake akusomee. Weka namba yako badala ya yake, halafu badilisha nywila. Isiwe jina la Rehema, wala mwaka wako wa kuzaliwa. Mwisho angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, uitoe ile kompyuta ya dukani. Asipopatikana, fungua nyingine kwa simu yako mwenyewe, ni bure, kisha uwahi kuwaarifu uliowapelekea maombi.

Jingine ni barua taka. Hamisi alikuwa akifungua kikasha, pale barua zinapoingia, kila siku, haoni kitu. Kumbe wito wa usaili uliangukia kwenye barua taka, kule mashine inakotupa matangazo na utapeli. Aliukuta siku ya tisa, usaili umepita siku mbili. Nilikaa na mama yake jioni nzima, sina la kumwambia. Kwenye Gmail, barua pepe ya Google, vitu vya humo vinafutika vyenyewe baada ya siku 30. Kwa hiyo fungua kote kuwili, na ukikuta barua ya kweli, bonyeza kuonyesha kwamba si taka, irudi kikashani.

Bi Fatu anasema una wasiwasi kwamba kwenye fomu ulisahau nukta katika anwani. Ukiwa wa Gmail, tulia, nukta zilizo kabla ya @ hazihesabiwi. Lakini herufi moja ikikosewa, barua inaweza kwenda kwa mtu mwingine au isifike kabisa. Hiyo @ aliichagua Ray Tomlinson mwaka 1971, itenganishe jina la mtu na kompyuta anayopokelea. Kabla yake ni wewe, baada yake ni mahali ulipo.

Vyeti ukivituma ni viambatisho, na kwenye Gmail vyote pamoja visizidi MB 25. Viambatishe kwanza ndipo uandike maneno, usije ukatuma barua tupu. Mambo ya nakala na nakala fiche nitakueleza tukionana, nakala fiche ni ile ambayo wenzako hawaoni kwamba fulani naye kapelekewa. Kwa sasa ukimjibu mwajiri, bonyeza jibu tu.

Narudi palepale, ile namba. Hata ukiacha mengine yote, namba iwe yako. Umesoma kwa taa ya kibatari wewe, halafu nafasi ikupite kwa...

Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri, maana kwenye hiyo barua pepe sijui nani angeisoma. Hivi laini yako ni ileile au umesajili nyingine? Fomu uliituma tarehe ngapi? Ulipewa karatasi yoyote pale steshenari, labda nywila imeandikwa nyuma? Simu yako ile inaingia intaneti, au nimwombe Hamisi akuletee yake ya zamani? Na Rehema, kikohozi kimeisha?

Kondakta anageuza Jumanne asubuhi. Mpe jibu, hata la mistari miwili.

Wako,
Saumu