Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa mafundi mitumbwi, Kirumba

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za siku. Hesabu za fedha mhasibu ameshazibandika bandani, sizirudii hapa, mimi nataka tuongelee kitu kimoja tu kimeninyima usingizi mwaka huu, ujuzi wetu tunautunzaje.

Mnakumbuka fundi wetu mkubwa aliporudi kwao Ukerewe hatukuwa na wasiwasi maana tulishaandika kila kitu kwenye daftari, urefu wa mkuku (ule mti mrefu wa chini unaobeba mtumbwi), unene wa mbao, misumari, mpaka pamba ya kukalafati, ile tunayoigonga kwenye nafasi za mbao kuzuia maji. Mtumbwi wa kwanza kuundwa kwa daftari ukaanza kuingiza maji hata kisiwani Saanane haujafika. Vipimo vyote sawa! Nikampigia mzee, akaniuliza, "Mlipoigonga pamba ililiaje?" Nikamwambia basi nielezee huo mlio, akajaribu weee akashindwa, akasema nitakuja niwaonyeshe.

Ndo nikaanza kusoma. Kuna Michael Polanyi, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Manchester 1933 halafu akaingia kwenye falsafa, yeye mwaka 1966 aliandika kwamba tunajua mengi kuliko tunayoweza kuyasema, mfano wake mmoja ni baiskeli, unaendesha vizuri tu ila ukiulizwa huanguki kwa nini huna jibu. Gilbert Ryle wa Oxford naye 1949 alishasema kujua habari za kazi sio sawa na kujua kuifanya. Wajapani Nonaka na Takeuchi wakayapeleka haya kwenye makampuni mwaka 1995, wanasimulia mashine ya mkate ya kampuni ya Matsushita ilivyogoma kukanda unga vizuri mpaka mhandisi mmoja akaenda kujifunza kwa mwoka mikate wa hoteli Osaka, akaona kumbe jamaa anauvuta unga huku anausokota. Ila hao wanaamini ujuzi wa mkononi unaweza kugeuzwa maandishi, na hapo mimi nabaki na Polanyi, kuna sehemu haitoki kwenye mkono na sikio la mtu hata uandike madaftari kumi.

Kwa hiyo kamati inaomba kila fundi mzee apewe vijana wawili, posho yao itoke kwenye ada zetu. Najua kuna wanaosema kijana akishaiva atafungua banda lake Igombe. Afungue jamani, sisi nani alitudai?

Majina ya vijana nipeni kabla ya Jumamosi. Mzee anakuja na meli ya Nansio mwezi ujao, ule mtumbwi uacheni hivohivo juu ya magogo, pamba yake asiitoe mtu.