Watano kwa wanne na bado hatufungi: barua kwa somo yangu wa Edmonton

Philadelphia, Julai 2024

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa zako wote hapo Edmonton. Ama baada ya salamu, pole kwa fainali ya hoki ya barafuni. Kutoka nyuma 3-0 hadi 3-3, kisha Florida wawafunge 2-1 kwenye mechi ya 7, jambo hilo linauma hata kwa sisi tulio mbali. Lakini nyinyi mmelilia kombe. Sisi huku tulililia nafasi ya mwisho tu ya kuingia mtoano, na hata hiyo hatukuipata.

Uliniuliza kwenye simu inawezekanaje Flyers, timu yetu ya hapa Philadelphia, wawe watano dhidi ya wanne, mpinzani ana mtu amekaa kwenye kibanda cha adhabu, na bado wasifunge. Nikasema nitakuandikia, maana jambo lenyewe linanikera usiku na mchana.

Kwanza ujue ukubwa wa ugonjwa. Msimu wa 2023-24 tulifunga kwenye asilimia 12.2 ya nafasi hizo, wa mwisho katika ligi nzima, na ni msimu wa tatu mfululizo tunashika mkia. Wastani wa ligi ni kama asilimia 21. Nyinyi mwaka mmoja nyuma mlifikisha asilimia 32.4, mkaivunja rekodi ya Montreal iliyodumu tangu 1977-78. (Montreal hao hao ndio Jean Béliveau aliwafungia mabao matatu ndani ya sekunde 44 mwaka 1955, Boston wakiwa pungufu. Zamani zile adhabu ya dakika 2 ilikaliwa yote hata mkifungwa. Msimu uliofuata kanuni ikabadilishwa, bao moja likiingia aliyeadhibiwa anatoka kibandani.) Sasa piga hesabu: kwa kila nafasi 200, tofauti kati yetu na timu ya kawaida tu ni mabao 17 au zaidi. Washington, waliochukua ile nafasi ya mwisho ya mtoano, walituacha kwa pointi 4. Tarehe 16 Aprili tulicheza nao hapa nyumbani, tukiwa 1-1, na kwa kuwa sare isingetufaa kitu kocha Tortorella akamtoa kipa aongeze mshambuliaji. T.J. Oshie wa Washington akatia paki, kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, kwenye lango tupu. Mabao 17, somo! Hata mawili yaliyofungwa siku nzuri yangetosha tusifike pale.

Watu wa hapa wana jibu moja: "Piga!" Paki ikikaa kwa mchezaji wetu sekunde mbili, uwanja mzima unapiga kelele apige. Mimi sikubaliani nao. Kipa wa ligi hii huzuia mashuti kama 90 katika kila 100, na shuti la mbali analoliona tangu linapotoka kwenye fimbo ni zawadi kwake. Tena sisi mara nyingi hata hatufiki mahali pa kupigia. Ugonjwa wetu unaanzia kwenye mstari wa buluu, pale linapoanza eneo la mpinzani.

Tazama inavyokuwa. Beki wetu anaichukua paki nyuma ya lango letu, anapanda nayo hadi karibu na katikati, halafu anamrudishia nyuma mwenzake anayekuja kwa kasi. Pasi hiyo siku hizi karibu kila timu inaicheza, na si mbaya: wapinzani wanarudi nyuma kumkabili wa kwanza, kisha wa pili anawatokea akiwa na mwendo. Ubaya uko kwa wale wengine. Kwa kuwa huruhusiwi kuvuka mstari wa buluu kabla ya paki, mawinga wetu wanafika pale wanasimama, mmoja kulia mmoja kushoto, kama abiria wanaongoja feri ya Likoni. Wapinzani wanne wanajipanga mbele yao. Mwenye paki anakuja mbio, anakuta ukuta, anampa aliyesimama. Aliyesimama hana mwendo, anabanwa pembeni, ananyang'anywa. Na timu iliyo pungufu inaruhusiwa kuipiga paki hadi mwisho wa barafu, mita 61, bila refa kuirudisha. Mpaka tuifuate na kujipanga upya, sekunde 20 na ushee zimekwenda. Likitokea hilo mara tatu, zaidi ya nusu ya dakika zile mbili imeishia nyuma kwetu.

Dawa ninayoiona ni kwamba asisimame mtu. Winga mmoja akate sambamba na mstari akiwa kwenye mwendo, paki imkute anateleza. Mwingine abaki pembeni kabisa ili awatanue wale wanne. Anayepokea pasi ya nyuma awe Owen Tippett, maana mwenye kasi kama yake ndiye wa kuwatisha. Na wakijazana wanne mstarini, basi isukumwe kwenye kona ya mbali, wawili waikimbilie. Si mchezo wa kupendeza macho, lakini paki ya kona ni bora kuliko paki iliyo nyuma ya lango letu.

Tukishaingia, mpangilio wenyewe si siri: mmoja juu karibu na mstari wa buluu, watatu katikati, mmoja mbele ya kipa. Siri ni mkono gani anapigia nani. Ovechkin, mfungaji wa Washington, anapigia kulia, na mabao yake anayafungia upande wa kushoto, kwa sababu pasi ikitoka ng'ambo inakuta fimbo yake imeshafunguka na anapiga bila kutuliza. Kipa anapaswa avuke lango zima kabla shuti halijafika. Sisi tunaye Tyson Foerster, anapigia kulia na shuti lake ni zito. Akae kushoto, asihamishwe. Na juzi tarehe 1 Julai amesaini Matvei Michkov, anayepigia kushoto. Huyo akae kulia. Hapo ndipo pasi ya kuvuka itakuwa na maana pande zote mbili. Couturier asimame puani mwa kipa, amzibe macho. Konecny awe pale katikati, tayari kwa paki iliyotemwa.

Konecny ndiye anayeniumiza moyo zaidi. Msimu huu amefunga mabao 6 tukiwa sisi ndio pungufu! Wanne wetu walikuwa miongoni mwa wakali wa ligi kwa kuzuia, wanakimbilia kila paki kana kwamba ni ya mwisho. Tukiwa watano tunaanza kungojeana. Baada ya shuti kuzuiwa kuna sekunde mbili tatu ambapo wapinzani wamegeuka, hawajui nani yuko wapi. Paki ikiokotwa hapo na kupigwa pasi papo hapo, bao liko karibu. Sisi tunaiokota, tunairudisha juu kwa beki, tunajipanga upya, nao wanajipanga. Ningekuwa kwenye benchi la ufundi, mazoezini ningewapa wale wanne wanaozuia ruhusa ya kubana kwa nguvu zote, na paki ikitolewa zoezi linaanza upya kutoka nyuma. Kumzunguka mtu anayekupisha hakukufundishi kitu.

Sasa nina ombi. Msimu ukianza Oktoba, ukienda uwanjani usimwangalie nyota wenu McDavid peke yake. Mwangalie beki wenu Bouchard kule juu: paki ikimfikia, je, miguu yake inatulia au inaendelea kuteleza? Na mshambuliaji wenu Hyman, shuti likizuiwa, anageukia upande gani kwanza? Kwenye televisheni kamera inaifuata paki na mambo hayo hayaonekani. Niandikie kwa urefu.

Wasalimie mama watoto na vijana. Huku joto limezidi, lakini tu wazima.

Ni mimi somo yako,
Philadelphia