Ukungu wa macho unaoisha saa nne

Nyegezi, Mwanza

Dada Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Musoma. Umeuliza kama ugonjwa wa Fuchs, unaoharibu konea (kioo angavu cha mbele ya jicho), ni wa Wazungu tu, maana picha za vitabuni ni za macho yao. Hapana. Na anayeamini hivyo anaweza kumpotezea mgonjwa jicho.

Ernst Fuchs aliueleza Vienna mwaka 1910. Mwaka 2012 ikaonekana kuwa ndani ya jeni ya TCF4, kwenye kromosomu ya 18, herufi C-T-G hujirudia kupita kiasi. Zikizidi mara 40 hivi, hatari hupanda. Asili ya mtu inaingia hapa. Kwa wagonjwa wa asili ya Ulaya, saba kati ya kumi au zaidi wana marudio hayo. Kwa Wahindi na Wamarekani weusi ni kama theluthi, Japani kama robo. Basi kipimo cha vinasaba kikirudi safi kwa mama wa huku ziwani, usimwambie hana ugonjwa. Amini konea yenyewe.

Bana mwanga wa mashine ya kuchunguzia macho uwe ukanda mwembamba, uulaze kwa pembe, utazame tabaka la ndani kabisa la konea. Utaona kama kitako cha sufuria kilichogongwagongwa kwa nyundo, hasa katikati. Seli za tabaka hilo ndizo zinazotoa maji kwenye konea. Mtu mzima mwenye afya ana kama 2,500 kwa milimita ya mraba, na zinazokufa hazirudi. Fikiria mtumbwi unaovuja: wanaochota maji wakipungua, maji huwazidi. Usiku kope zimefumba, machozi hayakauki ili kuvuta maji nje, konea inavimba. Ndiyo maana mgonjwa huamka na ukungu, ikifika saa nne anaona afadhali. Mtoto wa jicho hauna mtindo huo, kwa hiyo muulize kila mgonjwa: asubuhi na mchana, lini unaona vizuri?

Muulize kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, tafadhali sana. Upasuaji wenyewe huua seli, na aliyebakiwa na chache anaweza kutoka na konea nyeupe iliyovimba. Unene wa konea upimwe asubuhi: kawaida ni kama mikroni 540 (mikroni elfu moja ni milimita moja), ukipita 640, mpasuaji ajue mapema.

Matone ya chumvi ya asilimia 5, mara nne kwa siku, hupunguza ukungu. Yanachoma kidogo, na hayaponyi seli. Zikiisha, dawa ni kupandikizwa tabaka hilo. Mkataze kabisa kujichanganyia maji ya chumvi jikoni. Kipimo hukosewa, na vijidudu huingia kwenye konea ambayo tayari ni dhaifu.

Kwa kawaida kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya uwezekano wa kurithi, lakini dalili huchelewa, mara nyingi hadi baada ya miaka 50. Waite kwanza ndugu zake watu wazima, uanze na dada zake, kwani wanawake huugua zaidi.

Wako,
Rehema