Barua ya wazi kwa vijana walioajiriwa Tabora: uliacha kazi au uliachishwa?

Wanangu mnaofanya kazi madukani, kwenye nyumba za wageni na kwenye maghala ya tumbaku hapa Tabora, nawasalimu.

Malalamiko mnayoniletea yanafanana. Mwajiri amefoka mbele ya wateja, "Toka, sitaki kukuona hapa," kijana akavua aproni akaenda zake. Mwisho wa mwezi anadai haki yake, naye mwajiri anajibu kwa utulivu kabisa kwamba hakumfukuza mtu, kijana aliacha kazi mwenyewe. Hapo ndipo shauri linapokuwa gumu, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu, lakini mzigo huo haumfiki ikiwa haijaonekana kwanza kwamba kulikuwa na kuachishwa.

Kwa hiyo ukiambiwa uondoke, usibishane, ila kesho yake rudi kwa saa yako ya kawaida pamoja na mtu atakayeweza kueleza alichokiona, na ukizuiwa mlangoni andika barua fupi yenye tarehe ukisema uko tayari kufanya kazi. Baki na nakala. Wengi wenu mnanuna nyumbani wiki nzima na zaidi, ilhali kukosekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kumpotezea mtu kazi. Waajiri nao wasijidanganye: utoro ni suala la nidhamu, mtu aitwe ajieleze, haugeuki kuwa barua ya kujiuzulu.

Barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa na ofisi msiitie saini eti mlipwe haraka. Aliyelazimika kuondoka kwa kuwa mwajiri ameifanya kazi isivumilike, kwa mfano kwa kusumbuliwa kingono, sheria humhesabu kuwa ameachishwa, ingawa aliyetendewa isivyo haki ataulizwa kama alilalamika kwanza kwa njia zilizopo. Anayeacha kwa hiari naye atoe notisi ya maandishi, na anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28.

Tena msisubiri hasira za mwajiri zipoe. Mgogoro wa kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mwajiri hupewa nakala ya fomu. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana mlango huo, bali mshahara aliodhulumiwa anaweza kuudai hapo hapo kwenye Tume, ndani ya siku 60.

Mzee wenu,
Isevya, Tabora