Sheria ya picha za utupu ipime ridhaa, si nia

Mhariri,

Kesi za kusambaza picha za utupu za mtu bila ridhaa yake hufa mahakamani pale sheria inapodai ithibitishwe kwamba msambazaji alikusudia kumuumiza. Mshtakiwa akisema alikuwa anatania tu, au alitaka fedha, mwendesha mashtaka anabaki mikono mitupu.

Uingereza ilijifunza hilo taratibu mno. Sheria yake ya 2015 ilidai nia hiyo, tena iliacha nje picha ya kawaida iliyogeuzwa ya utupu kwa kompyuta. Vitisho vya kusambaza viliongezwa 2021. Sheria ya 2023 ndiyo iliyoondoa sharti la nia katika kosa la msingi na kujumuisha picha za kughushi, lakini kuzitengeneza tu au kumwomba mtu azitengeneze kuliingizwa katika sheria ya 2025. Anayetunga sheria leo, wakati akili mnemba inamvua mtu nguo kwa dakika chache, hana sababu ya kurudia safari hiyo ya miaka 10.

Kifungo nacho hakiondoi picha mtandaoni. Marekani, sheria iliyosainiwa Mei 2025 inaitaka mitandao iondoe picha ndani ya saa 48 baada ya kupokea ombi halali, na ijitahidi kuondoa nakala zake. Ombi liwe na saini, hata ya kielektroniki, maelezo ya kutosha kuipata picha, tamko kwamba hakukuwa na ridhaa, na mawasiliano ya mwombaji.

Waathiriwa wengi, kwa aibu na hofu, hufuta kila kitu kwanza. Ushahidi unapotea hapo. Kabla ya kuomba picha iondolewe, nakili kiungo kizima, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, na uhifadhi ujumbe wa vitisho. Ila kama aliyemo ni mtoto, usinakili wala kutuma picha yenyewe hata kwa nia njema, kwani kuwa nayo tu kunaweza kuwa jinai. Andika kiungo na jina la akaunti, kisha ripoti polisi.

Kwa watu wazima ipo pia huduma ya StopNCII. Hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako. Picha haitoki, alama tu ndiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili iitambue picha hiyo na kuizuia. Picha ikikatwa au kubadilishwa sana, alama inaweza isilingane, hivyo sajili kila toleo unalolipata.