Sabaki haileti matope peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo silisikii likitajwa katika mjadala wa Mto Sabaki na mabwawa ya bara. Kila mvua zikinyesha huko juu, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo kuanzia mlango wa mto hadi ufuo wa mjini. Wenye hoteli hulalamikia watalii wanaokimbia, wavuvi hulalamikia nyavu, na wahifadhi huyalilia matumbawe ya hifadhi yetu, iliyotengwa tangu 1968. Wote wana haki. Tope ni adui wa matumbawe. Lakini malalamiko haya yamezaa dhana kwamba kila kiletwacho na mto ni hasara, na kwamba mto ukizuiwa bara, bahari itapona. Hapo ndipo nisipokubaliana.

Pamoja na tope, Sabaki huleta kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni silika iliyoyeyuka. Silika ndiyo madini yanayofanya mchanga na kioo. Maji ya mvua yenye hewa ya ukaa huila miamba polepole, hasa miamba ya volkeno, na mto wetu umepita kwenye miamba hiyo kwa wingi: Athi hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapokea Mto Tsavo wenye maji ya Kilimanjaro, ukaitwa Galana, na kwetu ukawa Sabaki. Silika hiyo hufika baharini ikiwa asidi ya silika, na hapo wako wasioweza kuishi bila hiyo.

Nazungumzia diatomu, mwani wa seli moja, nyingi zikiwa na ukubwa kati ya mikromita 2 na 200. Mikromita moja ni sehemu ya milioni ya mita. Kwa udogo huo, diatomu za dunia nzima hufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote wa sayari hii. Huliwa na vijidudu vinavyoelea, navyo huliwa na dagaa na viluwiluwi vya kamba na samaki. Mvuvi wa Mambrui au Ngomeni anazitegemea hata kama hajawahi kuziona.

Kinachozitenga na mwani mwingine ni ukuta. Diatomu huishi ndani ya kioo halisi, silika yenye maji kidogo, iliyotobolewa vitundu kwa nakshi ambayo kila spishi ina yake. Ukuta huo una vipande viwili vilivyoingiana kama kijaluba na kifuniko chake, kimoja kikiwa kikubwa kidogo kuliko mwenzake, na mikanda myembamba ya kioo hukaa kiunoni.

Namna unavyojengwa ndiyo ningependa kila msomaji aijue. Bahari haina silika ya kutosha kuganda yenyewe. Kioo kitupu kikiachwa majini huyeyuka. Kwa hiyo seli ina protini kwenye utando wake zinazoikamata asidi ya silika na kuivuta ndani, mpaka ikawa nyingi kuliko ya nje kwa kiasi kikubwa mno. Jeni za protini hizo zilielezwa 1997 na Mark Hildebrand na wenzake huko Marekani. Seli inapogawanyika, hutengeneza kifuko bapa chini ya utando, chenye maji ya asidi, na humo ndimo kioo kinamojengwa. Silika haigandi ovyo humo ndani. Mwaka 1999 watafiti watatu wa Ujerumani, Nils Kröger, Rainer Deutzmann na Manfred Sumper, walitoa protini kwenye kioo cha diatomu iitwayo Cylindrotheca fusiformis, wakaziita silafini. Walipozichanganya na asidi ya silika katika chupa ya maabara, silika iliganda upesi mno ikawa viduara vidogo sana. Baadaye ikajulikana kwamba minyororo mirefu ya kemikali ziitwazo poliamini nayo hushiriki kazi hiyo. Protini hizo na minyororo hiyo huigandisha silika na kuipangia nakshi, huku nyuzi za ndani ya seli zikikipa kifuko umbo. Kipande kikikamilika, kifuko hufunguka kwa upande wa nje na kioo kinatoka, kikiwa kimevikwa ngozi laini ya protini na sukari inayokikinga kisiyeyuke.

Kila seli binti hurithi kipande kimoja cha mama na kujijengea cha pili, na kile inachojijengea daima ni kile kidogo cha ndani. Iliyorithi kifuniko hubaki na ukubwa wa mama; iliyorithi kitako hupungua. Kizazi baada ya kizazi ukubwa wa wengi huteremka, hadi seli zijamiiane na kuzaa seli inayovimba upya kufikia ukubwa wa asili kabla ya kujijengea kioo kipya. Nimeyasoma haya mara nyingi na bado yananistaajabisha.

Sasa tazama maana yake kwetu. Diatomu yaweza kuwa na jua, naitrojeni na fosforasi, lakini bila silika haiwezi kujenga kipande cha pili, na bila kipande cha pili haimalizi kugawanyika. Inasimama hapo hapo. Hesabu iliyozoeleka ni kwamba diatomu huhitaji atomu za silikoni karibu sawa na za naitrojeni. Mwani mwingine usio na kioo hauna haja hiyo, na baadhi yake una sumu.

Bwawa hufanya nini? Maji yakitulia nyuma ya ukuta, tope hutua, na diatomu za maji baridi hustawi humo, hula silika na kuzama nayo chini. Maji yanayoendelea na safari huwa meupe zaidi, lakini yamepungukiwa na silika. Mwaka 1997 Christoph Humborg na wenzake waliandika kwamba bwawa la Iron Gates kwenye mto Danube, huko Ulaya, liliipunguzia Bahari Nyeusi silika, na diatomu zikapoteza nafasi kwa mwani mwingine. Kwetu, Tana umeshafungwa siku nyingi, Masinga likiwa la 1981, na watu wa Kipini ndio walio kwenye mlango wake. Kwa Athi, ujenzi wa bwawa la Thwake kule Makueni ulianza 2018. Wakati huohuo majitaka ya Nairobi yanaongeza naitrojeni katika mto huohuo. Tope likipungua, nuru itaingia zaidi baharini, naitrojeni ipo, silika imebaki nyuma. Ni nani atakayeota hapo?

Sisemi Thwake lisijengwe. Watu wa Makueni na Kitui wana haki ya maji kama sisi. Ninachopinga ni kuihesabu Sabaki kwa maji na tope peke yake. Kupima silika si kazi ngumu: kemikali iitwayo molibdeti, kisha nyingine ya kuisaidia, hutiwa kwenye sampuli, maji yakageuka samawati, na rangi hiyo ikasomwa kwa mashine iliyo ya kawaida katika maabara za kemia. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa. Naomba wenye mamlaka juu ya mto huu waagize maji ya daraja la Sabaki yapimwe silika, naitrojeni na tope kwa pamoja, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, kuanzia kabla bwawa halijajaa, na majibu yapelekwe kwa Kiswahili katika ofisi za BMU, yaani vikundi vya kusimamia fukwe za uvuvi, za Malindi, Mambrui, Ngomeni na Kipini.

Mwalimu wa biolojia,
Malindi