Kwa nini trena inakula tairi, na lawama nyingine tunazobebeshwa

"Mliniuzia trena mbovu, imemaliza tairi." Lalamiko hili halikauki dukani, na karibu kila mara trena, yaani kifaa cha kushikilia baiskeli ili uendeshe ndani ya nyumba bila kwenda mbele, ni nzima. Tairi la barabarani hupozwa na upepo wa safari. Likizunguka hapo hapo, limekandamizwa na rola (silinda ya trena inayozungushwa na tairi), hupata moto na mpira hupukutika kuwa unga mweusi sakafuni. Unga ukiwa mwingi, ujue tairi linateleza: ama upepo ndani yake ni mdogo, ama rola haijakazwa sawasawa.

Pima upepo kila unapotaka kupanda. Tairi jembamba la barabarani hujazwa psi 100 hivi, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kaza kitasa cha kusogeza rola mpaka rola iguse tairi, kisha ongeza mizunguko miwili au mitatu, kadiri kitabu cha trena yako kinavyosema. Sasa zuia rola kwa mkono mmoja na usukume gurudumu kwa mkono wa pili. Likiteleza kirahisi, ongeza nusu mzunguko, ujaribu tena.

Wengi hawana subira hiyo; wanakaza mpaka mwisho. Kweli halitelezi, ila moto unazidi na beringi za rola zinaumia. Nunua tairi la mazoezi ya ndani, lenye mpira mgumu, na ulifunge kwenye gurudumu la akiba, kwa sababu barabarani halishiki vizuri. Tairi la milimani lenye meno makubwa hata usilijaribu: litanguruma na kutetemesha nyumba nzima.

Usitupe pia ekseli (mhimili wa gurudumu) ya chuma iliyomo kwenye boksi la trena. Ile iliyokuja na baiskeli mara nyingi haikai vizuri kwenye vikombe vya trena, na baiskeli huchomoka ukisimama juu ya pedali.

Trena ya kutoa gurudumu la nyuma, ambapo mnyororo huzungusha trena yenyewe, ni ghali zaidi, na hatuombi radhi kwa hilo. Haili tairi, kelele ni ndogo, na wati (nguvu ya kukanyaga pedali) inazoonyesha hukosea kwa asilimia 1 hadi 2 tu, wakati nyingi za rola hufika asilimia 5. Usipofuata wati, tofauti hiyo isikusumbue. Ya rola itakutosha.

Lakini hapa ndipo anayekimbilia bei ya chini huumia. Trena nyingi za kutoa gurudumu huuzwa bila kaseti, yaani fungu la gia za nyuma. Kaseti iwe na idadi ya gia sawa na ya baiskeli yako, na iingie kwenye kitovu cha trena, pale inapovishwa. Kaseti ya barabarani ya gia 10 juu ya kitovu cha Shimano cha gia 11 huhitaji washa (pete nyembamba) ya milimita 1.85 nyuma yake. Ukiisahau, kaseti itacheza hata ukiikaza kwa Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinazotakiwa, na gia zitaruka.

Halafu ekseli. Za kufunga kwa wenzo huwa na upana wa milimita 130 au 135. Za kupenya fremu ni milimita 12 za unene kwa 142 za upana, au 12 kwa 148. Adapta ya kulinganisha ekseli yako na trena isipokuwemo, trena itakaa kwenye boksi ikisubiri. Ndiyo maana tunakuomba picha ya ekseli na hesabu ya gia kabla hatujataja bei. Hatupimi mfuko wako.

Na jasho: tandika taulo juu ya usukani na ufute bolti kila ukimaliza. Kutu ya jasho haimo kwenye garantii yetu.